Waliohesabiwa Februari na Waliohesabiwa Agosti



Mwezi wa Ramadhani uliopita mjukuu wangu mmoja, binti anayesoma chuo kikuu hapa Maskat, aliniuliza swali ambalo nimelikwepa kwa miaka mingi. Alikuwa ameikunjua mezani shajara ya nasaba yetu, ile niliyoiandika kwa mkono wangu mwaka 1986, akawa anaisoma kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Alipofika kwa marehemu baba yangu akasimama.

"Babu," akasema, "kila mwanamume hapa ana jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Mama yake baba yako ana maneno machache tu: mwanamke wa Kiarabu, alifariki angali kijana. Je, hakuwa na jina?"

Nikamwambia tutazungumza baada ya futari. Futari ikapita, na tarawehe ikapita, na Idi ikapita, wala hatukuzungumza. Haya niyaandikayo leo ndiyo jibu lake. Na kwa kuwa jibu hili halifahamiki ila kwa mwenye kuujua mji tuliotoka, naomba ruhusa nianze na mji wenyewe.

Pangani ni mji mdogo. Umekaa ukingo wa kaskazini wa mto, pale ambapo maji yaliyotoka milima ya Kilimanjaro na Meru hukutana na Bahari ya Hindi, mwendo wa kilomita hamsini hivi kusini ya Tanga. Ng'ambo ya pili ni Bweni, yenye kilima chake na minazi yake. Mtu akitoka sokoni kwenda bomani, na kutoka bomani kwenda pwani, hamalizi nusu saa. Nyumba za zamani ni za mawe na chokaa, baadhi yake zina milango ya nakshi na baadhi zimebaki kuta tupu zilizomea mitini. Nyuma ya mji ni mashamba ya nazi, na nyuma ya nazi ni mkonge. Huo ndio mji mzima. Lakini ukiuliza ni nani watu wake, hapo ndipo maneno huwa mengi.

Sisi tuliozaliwa katika nyumba za Kiarabu tulilelewa tukisikia kwamba mji ule ni kazi ya babu zetu. Si kweli, na ni vyema tuseme hivyo sisi wenyewe kabla hatujaambiwa na wengine. Ukitoka Pangani kwenda kaskazini kwa njia ya Tanga utapita Tongoni, katika nchi ya Mtang'ata, ambako pamesimama magofu ya msikiti na makaburi yapatayo arubaini, baadhi yake yenye nguzo, yaliyojengwa na Waswahili karne nyingi kabla ya mzee wetu wa kwanza kupanda jahazi kutoka Sur. Mrima ulikuwa na majumbe wake, na lugha yake, na Uislamu wake. Sisi tuliukuta mji, hatukuuumba. Pembeni mwa Waswahili hao walikuwako Wazigua, Wabondei na Wasegeju, ambao waliingia mjini kuuza na kununua, wakaoa na kuolewa, na watoto wao wakawa watu wa mji kama wengine.

Babu zetu walikuja kwa wingi katika karne ya kumi na tisa, wakati Pangani ilipokuwa chini ya himaya ya Sayyid Said bin Sultan wa Unguja na wanawe waliomfuatia. Kilichowaleta ni vitu viwili. Cha kwanza ni pembe za ndovu, maana Pangani ilikuwa mlango wa misafara iliyokwenda bara hadi Uchagani na Umasaini. Cha pili ni miwa. Kingo za mto, juu kidogo ya mji, zilifaa sana kwa miwa, na matajiri wa Kiarabu wakafungua mashamba na kujenga vinu, wakawa wanapika sukari na kuisafirisha Unguja na Uarabuni. Fedha za kuanzia walikopeshwa na Wahindi, ambao nao walikuwa na mtaa wao na maduka yao. Washihiri kutoka Hadhramaut wakaja na biashara zao ndogo ndogo. Mji ukawa na rangi zote.

Lakini shamba la miwa halilimwi na mkopo. Lililimwa na watumwa. Waliletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa na nchi za Wayao na kwingineko, wakaishi katika vijiji vya mashamba, wengi wao ng'ambo ya kusini ya mto. Kazi ya kinu cha miwa ilikuwa ngumu kuliko kazi ya mnazi au mkarafuu, kwa kuwa miwa ikishakatwa haingoji, na moto wa kupikia sukari huwashwa usiku na mchana. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 watumwa wa upande wa Kikogwe waliasi, wengine wakatoroka na kujijengea vijiji vyao. Habari hiyo haikusimuliwa hata mara moja katika baraza ya nyumba yetu. Niliisoma nikiwa mtu mzima, katika kitabu.

Habari tuliyosimuliwa sana ilikuwa ya Bushiri bin Salim al-Harthi. Mwaka 1888, baada ya Sayyid Khalifa kuikodisha Mrima kwa kampuni ya Wadachi, maofisa wa kampuni waliingia Pangani wakatweka bendera yao, wakadharau amri ya liwali na hata heshima ya msikiti. Mji ukainuka. Bushiri, aliyekuwa na shamba la miwa karibu na mji, akawa kiongozi wa vita vile katika pwani. Wadachi wakaleta jeshi chini ya Wissmann, na mwisho Bushiri akakamatwa na kunyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia vita hivyo utenzi, na hadi leo moja ya kata za wilaya ya Pangani inaitwa Bushiri.

Wazee wetu walimtaja Bushiri kama kwamba vita vilikuwa vya Waarabu peke yao. Hawakututajia majumbe wa Kiswahili, wala Wazigua walioteremka na silaha zao, wala wapagazi, wala watumwa waliopigana wakitumai kupata heshima ya kuitwa watu wa mji. Wala hawakututajia jambo ambalo waandishi wa habari za Bushiri hulitaja, ya kuwa mama yake alikuwa Muoromo. Shujaa tulimpenda, mama yake tukamwacha nje ya hadithi. Ukishaizoea njia hiyo ya kusimulia, hutaona ajabu ikitumika nyumbani kwako.

Baada ya vita Wadachi walikaa. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe. Kutokana na miche hiyo mkonge ukaenea Tanganyika nzima. Mwaka huo huo ikaanza kujengwa reli ya Tanga, na reli ndiyo iliyoidhoofisha Pangani. Mizigo ya bara iliyokuwa ikiteremka kwa miguu hadi mtoni kwetu sasa ikapanda gari moshi kwenda Tanga. Miwa ikafa pole pole, mkonge ukashika mahali pake, na mashamba ya mkonge yakaleta watu wapya, manamba kutoka bara ya mbali, Wanyamwezi, Wabena, Waha, Wamakonde na wengineo. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wengine hawakurudi, na wajukuu wao leo ni watu wa Pangani wasiojua kwao pengine.

Na watumwa je? Wadachi hawakuufuta utumwa. Walitoa amri mwaka 1904 ya kwamba watoto watakaozaliwa na wazazi watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Aliyezaliwa siku moja kabla alibaki kuwa mtumwa mpaka ajikomboe, au aachwe huru, au afe. Waingereza ndio walioufuta kabisa katika Tanganyika, mwaka 1922. Naomba msomaji azishike tarehe hizi mbili.

Mimi nilizaliwa Pangani mwaka 1958. Nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani asubuhi na mapema, kisha shule ya Kiswahili, na jioni Kiarabu na khati. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa na sukari, na tulikuwa tukijivunia kwamba katika mji wetu huo huo aliwahi kufanya kazi Shaaban Robert, naye alikuwa karani wa forodha tu. Nadhani ndiyo sababu nikapenda ukarani.

Kila Ijumaa baada ya sala, baba alinichukua kuvuka mto kwenda Bweni. Tulikwenda kumwona bibi mmoja tuliyemwita Bibi wa Ng'ambo. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, safi kama sahani iliyooshwa, na uani palikuwa na kisima na mpera. Alikuwa mweusi sana, mwembamba, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake. Alinipa mkate wa kumimina na maji ya dafu. Baba alimpelekea sukari na mafuta ya taa, na kila Idi jozi ya kanga. Tuliambiwa kwamba huyu ndiye mlezi aliyemlea baba, kwa kuwa mama yake baba alifariki angali kijana. Bibi huyu alimwita baba "mwanangu", nasi hatukulistaajabia, maana wazee wote wa kike wa Pangani humwita mdogo wao hivyo.

Alifariki mwaka 1968. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Jeneza lilipofika makaburini Bweni, baba yangu, ambaye siku zote alikuwa mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, alivua viatu, akajifunga kikoi, akateremka kaburini kuupokea mwili. Nilishangaa. Chuoni nilikuwa nimesomeshwa kwamba anayefaa zaidi kumteremsha mwanamke kaburini ni maharimu wake. Jioni nikamwuliza mama yangu. Akaniangalia kwa muda, kisha akaniambia, "Alimnyonyesha. Mama wa kunyonya ni mama." Jibu lilikuwa sahihi kwa sharia, nami nikatosheka. Nilitosheka nalo kwa miaka ishirini na sita.

Tuliondoka Pangani mwaka 1974. Sultani Qaboos alikuwa ameshika nchi tangu Julai 1970 na kuwafungulia mlango watu wa asili ya Oman walioko nje warudi. Wanaukoo walikuwa wametangulia, wakatuandikia. Tulipofika, sharti la kwanza lilikuwa nasaba. Mtu alihitaji mzee wa kabila amshuhudie kwamba ni wao. Baba alishuhudiwa, alhamdulillahi, kwa upande wa baba yake, na hakuna aliyemwuliza upande mwingine. Lakini sisi tulikuwa tunazungumza Kiswahili nyumbani, na Kiarabu chetu kilikuwa cha kitabuni, na sokoni tuliitwa Wazanjibari hata sisi ambao Unguja tuliipita kwa jahazi tu. Mtu aliyeko katika hali hiyo huwa hana haja ya kujiongezea maswali. Naandika hivi si kumtetea baba, bali ili wajukuu wajue hofu ile ilikuwa na umbo gani.

Niliajiriwa mwaka 1978 katika masjala ya ofisi moja ya serikali, na humo nikakaa miaka arubaini mpaka nilipostaafu. Kwa kuwa nilikuwa na khati nzuri, mwaka 1986 wazee wa ukoo wakanitaka niandike shajara ya nasaba. Nilikaa nayo miezi mitatu. Nilipofikia mama yake baba nikamwuliza baba niandike nini. Akasema, "Andika mwanamke wa Kiarabu, alifariki angali kijana." Nikaandika kwa wino mweusi na kalamu ya mwanzi, herufi zimesimama vizuri. Sijapata kuandika uongo kwa khati nzuri kuliko ule.

Baba aliugua mwaka 1994. Wiki moja kabla ya kufariki alitaka tubaki wawili chumbani. Akaniambia, "Mwanangu, nina deni." Nilidhani ni fedha.

Akanieleza habari ya sensa ya mwaka 1957. Katika zama za Waingereza, watu wa Tanganyika hawakuhesabiwa siku moja. Wazungu, Wahindi, Waarabu na wote wasiokuwa Waafrika walihesabiwa mwezi wa Februari. Waafrika wakahesabiwa mwezi wa Agosti. Ilikuwa hivyo mwaka 1948, na ikawa hivyo tena mwaka 1957. Februari karatasi ikaletwa dukani, baba akaijaza kwa mkono wake, akajiandika Mwarabu, na mkewe Mwarabu. Agosti alikuwa Bweni, kwa mama yake, mhesabuji alipopita. Mama yake, ambaye alikuwa yule Bibi wa Ng'ambo.

Alikuwa amezaliwa katika shamba la miwa la babu yangu mkubwa, miaka michache kabla ya ile tarehe ya mwisho ya mwaka 1905, basi akazaliwa mtumwa. Wazazi wake walikuwa wameletwa kutoka upande wa Nyasa. Babu yangu alimpenda, akamwacha huru, akamwoa kwa mahari na mashahidi kabla Waingereza hawajatoa sheria yao ya mwaka 1922. Ndoa ilikuwa halali na mtoto alikuwa halali. Lakini babu alipofariki, jamaa zake wakamchukua mtoto mjini alelewe kwa shangazi zake, na mama akabaki Bweni, akaitwa mlezi. Mtoto akakua akijua. Akawa anavuka mto kila Ijumaa.

"Mhesabuji akamwuliza kabila," baba akasema. "Akajibu, Mnyasa. Kisha akamwuliza amezaa watoto wangapi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimevaa kanzu na kofia. Akanitazama. Kisha akamwambia mhesabuji, 'Sina mtoto.' Nami nikanyamaza. Februari walinihesabu mimi, na Agosti walimhesabu mama yangu, na katika daftari za serikali hatukuwa ndugu wala jamaa."

Nikamwuliza kwa nini bibi alisema vile. Akasema, "Alinilinda. Na mimi nikakubali kulindwa."

Wapenzi wasomaji, nimefanya kazi na madaftari maisha yangu yote, na najua kwamba daftari hujibu lile tu linaloulizwa. Sensa ya mwaka 1967, ya kwanza baada ya uhuru, iliwahesabu watu wote pamoja, na ndiyo ya mwisho katika Tanzania kuuliza kabila. Zilizofuata hazikuuliza. Kwa hiyo leo ukitaka kujua Pangani ina Waarabu wangapi, Wazigua wangapi, wajukuu wa watumwa wangapi, hakuna safu ya kutazama. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 54,025 katika wilaya nzima, na ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 70,000. Ni watu tu. Zamani nilidhani huo ni upungufu wa takwimu. Siku hizi nadhani ni rehema, ingawa rehema hiyo inatuachia sisi wenyewe kazi ya kukumbuka.

Mwaka 2023 nilirudi. Mji nimeukuta umetulia kuliko nilivyouacha. Nyumba ya duka letu ina paa la bati na wapangaji watatu. Boma liko pale pale, na vijana wanaotembeza wageni wangali wakisimulia hadithi ya watumwa waliozikwa hai chini ya nguzo zake. Kisiwa cha Maziwe, ambacho wavuvi wa utoto wangu walikijua kwa mivinje yake na kasa waliotaga mayai, sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kazi ya kujenga daraja kubwa juu ya mto ilikuwa inazungumzwa kila kibaraza. Mimi nilivuka kwa pantoni, kama kila mtu, nimesimama katikati ya pikipiki na matenga ya samaki.

Bweni nikaulizia makaburi ya zamani. Nikapelekwa kwa mzee mmoja, mkulima wa nazi, aliyekaa kwenye mkeka anasuka makuti. Alipoinua uso nikaliona paji la uso la baba yangu. Nikajitambulisha kwa jina la baba. Hakustaajabu. Akanieleza kwamba babu yake na yule bibi walikuwa ndugu wa baba na mama mmoja. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja mvua iliyokosa mwaka fulani, "Baba yako alikuwa akileta sukari na kanga kila Idi. Mlipokwenda Manga, hapakuja mtu tena."

Akanipeleka kaburini. Halina maandishi, lina mawe mawili tu, la kichwani na la miguuni. Yeye na wanawe ndio wanaolipalilia kila mwaka kabla ya Ramadhani, miaka yote hii, pamoja na ya kwao, bila kutumwa na mtu. Nikasoma Fatiha. Nikataka kumpa fedha kwa kazi hiyo, akakataa, akasema kaburi la shangazi halilipiwi. Tukala wali na pweza nyumbani kwake. Wajukuu zake walinisalimu "Shikamoo babu" na kunishika mkono, nami nikahesabu kwa vidole, kwa tabia ya karani, kwamba jamaa zangu wa damu katika kijiji kile ni zaidi ya ishirini. Hakuna hata mmoja wao aliyemo katika shajara yangu.

Niliporudi Maskat nikawaeleza ndugu. Bin ami yangu mmoja, mtu ninayemheshimu, alinijia usiku, akaniambia, "Ndugu yangu, aliyekufa amekufa, Mungu amrehemu. Lakini wewe una wajukuu wa kike. Kesho akija mchumba, watu wataulizia nasaba, na wapo wanaotazama ukufu. Unataka kumponza nani kwa ajili ya mstari mmoja?" Sikuweza kumwambia kwamba hofu yake ni ya bure. Si ya bure. Nimeona posa zikirudishwa kwa sababu ndogo kuliko hii. Mzee mwingine akanijibu kwa methali, mwacha asili ni mtumwa, akikusudia kwamba nisiuharibu Uarabu wetu. Nikamwuliza ni nani kati yetu aliyeacha asili. Hakunijibu, wala mimi sikutaka kumshinda.

Ndiyo maana nilinyamaza Ramadhani nzima. Mwisho nikamwita yule mjukuu, kwa kuwa mchumba akija atakuja kwake yeye. Nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa, pamoja na maneno ya bin ami yangu. Nikamwambia, "Nikiandika, hasara huenda ikawa yako. Wewe unasemaje?" Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Babu, yule bibi alipokuwa na mwanawe mlangoni na akasema hana mtoto, alifanya kwa ajili ya nani?" Nikasema, kwa ajili ya baba yangu, na kwa ajili yetu tuliomfuatia. Akasema, "Basi na sisi tunaweza kulipa kidogo. Mchumba anayekimbia jina la bibi yangu, naye akimbie mapema."

Makarani wenzangu watafahamu nilichokifanya baada ya hapo. Kosa katika daftari halifutwi kwa kifutio, wala halipakwi wino mpaka lisisomeke. Hupigwa mstari mmoja mwembamba juu yake, ili kila mtu aone kilichokuwapo. Kisha huandikwa lililo sahihi, na mwenye kusahihisha hutia saini na tarehe. Nilikunjua shajara, nikapiga mstari mmoja juu ya maneno ya mwaka 1986, nikaandika jina la bibi yangu, na jina la baba yake, na nchi yao Nyasa, na kwamba aliolewa kwa ndoa halali, na kwamba alifariki Bweni mwaka 1968. Mkono wangu sasa unatetemeka, na khati si nzuri kama ile ya kwanza. Pembeni nikaongeza tawi la ndugu yake, na wajukuu wake wote niliowaona, mmoja mmoja.

Jina lake sitaliandika katika ukurasa huu wa wazi, kwa kuwa wazee wawili wa ukoo wangali hai na nimewaahidi subira hiyo. Lilikuwa jina la aina walizopewa wajakazi, jina la kitu kizuri, si la mtu. Aliye wa ukoo na akitaka kulijua aje nyumbani, shajara iko mezani. Na yeyote kati yenu ambaye ana mstari kama ule wangu, mwanamke aliyefariki angali kijana na hana jina, nawaomba mwende mkawaulize wazee mlio nao, mapema, na mkipata nafasi mvuke mto. Mwaka huu, kabla ya Idi, nimetuma sukari na kanga Bweni. Zimefika.